Shauri kwa Apelekaye Aila Yake Nairobi

Kila zinapokaribia siku za likizo, yaani Aprili, Agosti na zile wiki ndefu za Novemba na Disemba ambazo shule hufungwa, huwa sipati usingizi wa adhuhuri kwa simu za jamaa na marafiki wa huku Mombasa, ambao, kwa kuwa wanajua kwamba binti yangu ameolewa Makina katika Kibera, na kwamba mwanangu wa kiume amepanga nyumba Kawangware, na kwamba mimi na mama yao tumekuwa tukienda huko na kurudi kwa miaka zaidi ya kumi na mitano, huniuliza swali lile lile kwa maneno mbalimbali: "Mwalimu, Nairobi tukafikie wapi?"

Wengi wao hutaka niwatajie mtaa mmoja, kama mgonjwa atajiwavyo dawa, wakaulipie na kulala. Nami siwatajii. Huanza kwa kuwauliza wao: Nairobi mnakwenda kwa nani? Kwani vitabu vya wageni, vyenye kuisifu Westlands na Karen na Kilimani, viliandikwa kwa ajili ya msafiri asiye na mtu mjini, ambaye jambo lake kubwa ni kitanda kizuri na njia ya kwendea mbugani. Ilhali sisi, aghalabu, tunakwenda Nairobi kwa sababu ya mtoto aliyeolewa huko, au ndugu aliyehamia huko kutafuta riziki akasahau kurudi, na twiga na jumba la makumbusho ni mambo ya kuongezea tu juu ya safari. Basi aliye na mtu wake Kibera au Kawangware amekwisha kuchaguliwa nusu ya mtaa. Nusu iliyobaki ndiyo yenye matata: alale nyumbani kwa mtu huyo, au alale karibu naye?

Rai yangu, ambayo niliipata kwa kuaibika kama nitakavyosimulia, ni kwamba alale karibu naye.

Lakini kwanza na tuijue mitaa yenyewe, kwa maana watu huitaja Kibera na Kawangware kwa pumzi moja kana kwamba ni ndugu pacha, na hazifanani hivyo.

Jina la Kibera ni la Kinubi, Kibra, lenye maana ya msitu, nalo liliwekwa na askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Waingereza lililoitwa King's African Rifles, ambao mwanzoni mwa karne ya ishirini walipewa mahali hapo wakae, wakajenga, wakaoa na kuoza, wakazika wazee wao, na wasipewe hati ya ardhi mpaka mwezi wa Juni mwaka wa 2017, jumuiya yao ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Mgeni wa pwani atakayefikia Makina, kwa sababu ya historia hiyo, atakuta mambo asiyoyatarajia katika mji wa bara: adhana ya alfajiri, bucha za nyama halali, kina mama waliojitanda, makawa ya rangi ya kufunikia chakula, na ule mkate mwembamba wa gurusa, ambao wajukuu wangu walipouona mara ya kwanza waliuita chapati za maji, wakakanywa na bibi wa nyumba, mwenye umri kupita wangu, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu.

Tena Kibera ina vijiji vyake, na kijiji hiki si kile. Kuna Makina na Kianda, kuna Gatwekera na Kisumu Ndogo, kuna Lindi, Mashimoni, Silanga, Laini Saba na Soweto, na juu yake, upande wa barabara kubwa, kuna mitaa ya nyumba za mawe kama Olympic na Ayany na, usicheke msomaji wa Mombasa, Fort Jesus, ambako hakuna ngome wala mzinga, na mtoto wangu mmoja alipoambiwa kwamba tutalala Fort Jesus alilia akidhani tumerudi nyumbani kabla ya likizo kwisha. Watu walizoea kusema kwamba Kibera ina watu milioni moja. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2009 iliwaona 170,070, na ile ya mwaka wa 2019 iliihesabia kaunti ndogo nzima ya Kibra watu 185,777. Nalitaja jambo hili kwa sababu anayeogopa kwenda Kibera, na anayekwenda kuitazama kama ajabu ya dunia, wote wawili wameathirika na ile milioni.

Kawangware ni habari nyingine. Wagikuyu humwita ndege kwale kwa jina la ngware, na husemwa kwamba mahali hapo palikuwa pa ndege hao, hivyo mtu wa Kwale ya kwetu akishuka Kawangware ameshuka kwa binamu wa jina. Ipo magharibi ya mji, imepakana na Lavington, ambako ua mmoja wa tajiri ni mkubwa kuliko ploti tatu za Kawangware zikiunganishwa, na upande wa pili barabara ya Naivasha hushuka kupitia Riruta mpaka Dagoretti Corner. Wenyeji hawaiiti kwa jina refu: huuliza kama unakwenda "Forty-six" au "Fifty-six", ambazo ni namba za matatu zilizogeuka kuwa majina ya pahali, na mgeni asiyelijua jambo hili huweza kushushwa mwendo wa robo saa kutoka anakokwenda, na mizigo mkononi.

Tofauti iliyo kubwa kati ya pahala hapa pawili ni ya ardhi. Ya Kibera kwa sehemu kubwa ni ya serikali, na ndiyo sababu nyumba nyingi vijijini ni za udongo na mabati, kwa maana hakuna mwenye akili ajengaye ghorofa mahali anapoweza kuvunjiwa kesho. Wala hofu hiyo si ya bure, kwani mwezi wa Julai mwaka wa 2018 nyumba na shule na makanisa mengi vilibomolewa ili ipite barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Ya Kawangware kwa sehemu kubwa ilikuwa mashamba ya aila za Kigikuyu, yakakatwa viwanja na kurithishwa, na mwenye kiwanja chake huinua ghorofa tano au sita za vyumba vya kupangisha, ingawa nyumba za mabati zingali zipo nyingi katikati yake. Maana ya jambo hili kwa mwenye watoto ni choo. Kawangware utapata kwa wepesi nyumba nzima yenye choo na bafu ndani na geti la chuma chini. Katika vijiji vya Kibera aghalabu choo ki nje, ni cha kushirikiana au cha kulipia, na usiku kina safari yake.

Sasa nisimulie aibu yangu. Mwaka tuliokwenda mara ya kwanza kumtazama binti yetu baada ya harusi, tulikwenda watu sita, mimi, mke wangu, mama mkwe wangu, na watoto watatu, na kwa kuwa mume wa binti yetu alikuwa amesisitiza kwa simu, akaapa na kuapa tena, kwamba ni fedheha kwake wakwe zake wakilala kwingine, tulifikia kwake. Alikuwa na vyumba viwili, kila kimoja futi kumi kwa kumi, kimoja cha kulala na kimoja cha kukaa, vimetenganishwa kwa pazia. Tukapewa chumba cha kulala sisi wakubwa, watoto wakatandikiwa mkeka sebuleni pamoja na dada yao, na mwenye nyumba akatuambia kwamba wiki hiyo kazini amepangiwa zamu ya usiku. Nikamwonea huruma, nikamwombea riziki.

Usiku wa tatu niliamka kabla ya alfajiri kutafuta maji ya kutawadha, nikafungua mlango pole pole, nikamkuta mkwe wangu amesimama nje kwenye baridi, ndara zake zimejaa tope, blanketi amelikunja chini ya kwapa. Hakuwa na zamu. Alikuwa akilala kwa jirani, katika chumba cha kijana mmoja muuza mitumba wa soko la Toi, wamebanana kitanda kimoja, kisha hurudi kabla hatujaamka ili aonekane ametoka kazini. Aliniamkia, "Shikamoo, baba," na mimi nikaitikia "Marahaba," na hakuna katika sisi wawili aliyesema neno jingine. Asubuhi ile nilianza kuhesabu maji, jambo ambalo mtu wa nyumba yenye mfereji hana desturi ya kulifanya. Watu sita, kila mmoja akioga mtungi mmoja wa lita 20, ni lita 120 kabla hakujapikwa chai, na kila mtungi unanunuliwa, na kila mtungi unabebwa, na aliyekuwa akiibeba ni binti yangu, mwenye mimba ya miezi minne.

Tangu mwaka huo silali kwa mkwe wangu, naye tangu mwaka huo amenipenda zaidi. Mchana kutwa tuko kwake, tunakula kwake, tunasali pamoja, wanawake wanasukana, na baada ya isha tunaaga, tunapanda juu mpaka nyumba yetu ya kupanga katika mitaa ile ya mawe niliyoitaja, mwendo wa dakika kumi na tano kwa mguu au dakika chache kwa boda boda. Watoto wanacheza na wenzao siku nzima, na usiku kila mtu ana sitara yake. Hii ndiyo maana ya maneno yangu ya kulala karibu: uwe karibu kiasi cha kuweza kuitwa kwa mtoto mgonjwa, na mbali kiasi cha mwenyeji wako kulala kitandani kwake.

Sina budi kuieleza pia njia ya kumwambia mwenyeji, kwa maana wengi hushindwa hapo, wakakubali kubanana kwa kuogopa kuudhi. Usimwambie kwamba nyumba yake ndogo, anaijua. Usimwambie kwamba umekwisha kulipa kwingine, maana atakuambia udai fedha zako. Mwambie kuna mzee asiyeweza choo cha nje, au mtoto aliaye usiku akaamsha watu, na sababu hiyo iwe ya kweli, kwa kuwa katika aila ya watu sita haikosekani. Kisha mwombe yeye mwenyewe akutafutie nyumba. Hapo atakuwa bado ni mwenyeji, na wewe utakuwa umepata mtu mwenye macho mahali ambapo wewe huna.

Macho hayo yana thamani kuliko picha, nami nililijua hilo Kawangware. Nyumba za kupangishwa kwa usiku mmoja mmoja siku hizi ni nyingi Nairobi, na watu huziita zote Airbnb, hata zile zisizopitia kwa kampuni hiyo wala nyingine yoyote, ambazo ni za kijana mwenye simu na funguo tu. Mwaka mmoja, nikitaka kuwa karibu na mwanangu wa kiume bila ya kumsumbua, nilipanga nyumba ya namna hiyo kwa picha nilizoletewa, zenye makochi ya kijivu, runinga kubwa, na pazia jeupe, na chini yake imeandikwa kwamba ipo Lavington. Nilituma nusu ya fedha kwa M-Pesa. Tulipofika saa tatu usiku mwanangu alinicheka mpaka akakaa chini. Lavington ilionekana, ndiyo, kutoka dirishani, ng'ambo ya bonde. Picha hazikuonyesha kwamba nyumba ipo ghorofa ya nne, na mama mkwe wangu ana goti. Hazikuonyesha kwamba chini yake kuna baa, ambayo muziki wake ulikuwa ukipanda kwa mabomba ya maji, maana mabomba yenyewe hayakuwa na maji ya kuuzuia. Maji, tuliambiwa, huja Jumanne na Ijumaa. Sisi tulifika Jumatano.

Kwa hivyo kabla ya kutuma hata shilingi, mpigie mwenye nyumba na umwulize kwa sauti, maana katika maandishi watu husema uwongo kwa wepesi zaidi. Mwulize maji ya mfereji huja siku gani, na kama jengo lina tangi, na tangi hilo linatosha siku ngapi. Mwulize bafu lina maji moto, na kama stima ni ya tokeni, nani anunuaye tokeni. Mwulize ghorofa ya ngapi, na chini ya jengo kuna nini, na ubavuni kuna nini, kwani kama kuna baa utakesha Jumamosi, na kama kuna kanisa la mabati utakesha Ijumaa ya kesha, jambo ambalo silisemi kwa dharau, maana na sisi pia tuna vipaza sauti na majirani wetu huvumilia. Mwulize geti hufungwa saa ngapi na nani hulifungua. Akijibu maswali haya bila ya kununa, ni mtu wa kuaminika. Akinuna, mshukuru na ukate simu.

Liko swali moja, hata hivyo, lisiloweza kujibiwa na mwenye nyumba, nalo nimeliweka juu ya mengine yote. Ni swali la hatua za mwisho, yaani njia ya kutoka steji mpaka mlangoni baada ya jua kutua. Katika Kibera na katika Kawangware, na kwa kweli katika mitaa mingi ya Nairobi inayoitwa mizuri, barabara kubwa usiku ina taa, ina wauza mayai na smoki, ina mama mboga waliowasha taa zao, ina watu wanaorejea kutoka kazini kwa maelfu, na mtu na watoto wake hupita bila ya wasiwasi. Hatari, ikiwapo, i katika kichochoro kile cha hatua mia mbili au mia tatu kinachotoka barabarani kwenda nyumbani, chenye giza na mtaro uliofunikwa kwa ubao mmoja. Mimi humtuma mwanangu akiendee kichochoro hicho saa mbili usiku, peke yake, akihesabu hatua na taa. Mwaka mmoja aliniletea hesabu ya nyumba mbili zilizo karibu sana. Moja ilikuwa nzuri na nafuu, hatua 340 kutoka barabarani, taa moja, nayo haiwaki. Ya pili ilikuwa na rangi mbaya ya waridi, ghali kidogo, hatua 60, na katikati ya njia kuna kibanda cha mama wa chapati ambaye hafungi mpaka saa nne na ambaye siku ya pili alikuwa amekwisha kujua majina ya watoto wote. Tulilala katika nyumba ya waridi, na mara nne tangu hapo tumerudi humo.

Juu ya njia za mchana sina mengi ya kusema. Anayetaka zaidi kuwaonyesha watoto wanyama, afikie upande wa Kibera, kwa kuwa lango kubwa la mbuga ya taifa, iliyotengwa mwaka wa 1946, lipo Lang'ata Road, na kituo cha twiga kipo mbele zaidi, na asubuhi unakwenda huko ilhali umati wa magari unakwenda mjini. Anayetaka makumbusho ya taifa na nyoka wake, na bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907, ambayo ni raha kubwa kwa fedha kidogo, hatapotea akifikia Kawangware, maana matatu za 46 hupitia Hurlingham na kushuka mjini. Kwa vyovyote usitoke na watoto kabla ya saa tatu asubuhi wala usirudi baada ya saa kumi, kwa kuwa nauli ya matatu si kitu kimoja siku nzima: hupanda jioni, na mvua ikinyesha hupanda mbele ya macho yako, kondakta akiitaja mpya kabla nguo zako hazijalowa.

Na mvua yenyewe ichunguzwe. Likizo ya Aprili ni ya masika, na Kibera imekaa juu ya mteremko unaoshuka mpaka mto Motoine na lile bwawa la Nairobi, na kadiri unavyoshuka ndivyo nyumba zinavyokuwa nafuu na ndivyo maji yanavyoingia. Masika ya mwaka wa 2024 yalichukua watu katika Nairobi, na serikali iliwaamuru waliokaa ndani ya mita 30 za mito wahame. Mgeni asiyekuwa na sababu ya kulala bondeni asilale bondeni, hata kwa nusu ya bei. Agosti hakuna mvua nyingi, lakini kuna baridi, na baridi ya mji ulio juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,700 si kitu ambacho mtoto wa pwani anaweza kuelezwa: mjukuu wangu aliamka asubuhi, akaona moshi unatoka kinywani mwake, akakimbia kumwambia bibi yake kwamba anaungua ndani. Chukueni sweta huku huku, au ziacheni mkazinunue Toi, ambako za mitumba ni nyingi na nzuri, kwa sharti kwamba siku ya kwanza mtakwenda na mwenyeji na kumwachia yeye bei.

Kila mwaka wa tano Agosti ina jambo lake, kwani katiba imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya mwezi huo, na ule ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kibera ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, hata reli ikang'olewa. Kawangware nayo ilikuwa na siku zake mbaya mwezi wa Oktoba 2017. Wenyeji wa mitaa hii ni watu wa amani na kazi, nao ndio wanaoumia, lakini sioni kwa nini mtu apeleke watoto wake likizo mji wowote wa Kenya ulio katika joto la kura, ilhali Disemba ipo na wenyeji wale wale wapo. Mwaka huo nendeni Disemba.

Neno dogo juu ya picha. Kibera imezoea kutembelewa. Barack Obama aliizuru mwaka wa 2006 alipokuwa seneta, na wapo watalii wanaozungushwa vichochoroni kwa malipo, kamera shingoni. Wewe una jamaa huko, nawe ukiwasimamisha watoto wako mbele ya mtaro wa mtu ili upige picha, jua kwamba kesho bibi wa nyumba ile atampita jamaa yako bila ya kumsalimu, na wewe utakuwa umekwisha kurudi Mombasa. Binti yangu alinieleza hili kwa heshima, lakini alinieleza mara mbili.

Na usiende mikono mitupu, wala usipeleke makochi na vyombo ambavyo hapana pa kuviweka. Peleka nazi, peleka maembe ya msimu, halua na samaki mkavu aliyefungwa vyema, asije akakutangaza ndani ya behewa. Siku ya kwanza, kabla watoto hawajaoga, mpe mwenyeji wako fedha za maji, kwa kumpitishia mke wake au kwa kumlipa moja kwa moja kijana wa mkokoteni mitungi ya siku zote mtakazokuja kushinda hapo. Mkwe wangu alikataa fedha hizo miaka miwili. Wa tatu nilimlipa kijana wa mkokoteni mapema asubuhi, na mitungi kumi ikafika mlangoni ikiwa imekwisha kulipiwa, na hakuna mtu arudishaye maji Kibera.

Limesalia la kufika. Hivi sasa treni ya alasiri hutoka Mombasa saa tisa na kufika Syokimau karibu na saa mbili usiku, na kutoka hapo bado kuna treni nyingine ya kwendea mjini, kisha matatu, hata mtu akafika Kibera au Kawangware saa nne, watoto wamelala mabegani, naye hajakijua bado kichochoro chake. Ipo treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya njiani, ambayo hutoka saa mbili na kufika mapema alasiri. Ni ya polepole zaidi na watoto watauliza mara mia kama tumefika. Tafadhali panda hiyo, na ukiwa Voi mpigie mwenyeji wako akungoje steji.